Neno "Uvimbe" katika Hati za Ugonjwa wa Kongosho

Miongoni mwa maneno ya tiba yanayohitaji kutazamwa kwa makini ni "uvimbe". Mgonjwa wa Mbagala aendaye Hospitali ya Temeke, au wa Tandale aendaye Mwananyamala, husema, "Nina uvimbe tumboni", naye husema kweli. Lakini neno hilo likiingia katika hati bila ya maelezo huzaa utata, kwani kila ugonjwa hauna budi kutiwa namba.

Namba hizo hutokana na uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi, lililoidhinishwa mwaka 1990, uvimbe wa tumboni usiofafanuliwa ni R19.0, yaani dalili tu. Saratani iliyoanzia katika kongosho ni C25. Iliyoanzia kwingine ikahamia humo ni C78.8, uvimbe wa kongosho usio saratani ni D13.6, na kongosho kuvimba ghafla ni K85. Neno ni moja, namba ni tano.

Kwa hiyo tunapendekeza "kuvimba kwa kongosho" kutumike pale ambapo kongosho lenyewe limevimba. "Uvimbe" ubaki kwa kitu kilichoota. Na "saratani" iwe kwa uvimbe unaovamia na kusambaa, pamoja na kutaja ulikoanzia.

Mahali nako kutajwe: kichwa cha kongosho (C25.0), mwili (C25.1) au mkia (C25.2). Saratani ya kichwa huweza kuziba mfereji wa nyongo, macho yakageuka manjano. Hali hiyo isiandikwe "homa ya manjano", ambayo ni maradhi mengine yaenezwayo na mbu.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Mgonjwa apelekwaye Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road hutanguliwa na maneno ya hati yake. Tena, aliyefariki kwa saratani akiandikiwa R19.0, taifa halimhesabu miongoni mwa waliouawa na maradhi hayo, wala haliwezi kupanga tiba kwa idadi ya kweli.

Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika Januari 1, 2022, limeigeuza C25 kuwa 2C10. Namba hubadilika, haja ya kupambanua maana haibadiliki.