Goti la Mama na Dawa ya Kabla ya Kisu

Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu zetu wodini, hapa Uingereza ninakofanya kazi ya uuguzi, ni hili: "Sista, mbona mama kabadilishwa goti zima na anarudi nyumbani bila antibayotiki hata moja?" Wengine huona mzazi wao kapunjwa. Kwetu tumezoea kwamba kidonda kikubwa lazima kiende na vidonge vya rangi mbili vya siku 5 au 7. Familia ikikabidhiwa dawa za maumivu na za kuzuia damu isigande tu, wasiwasi unaingia.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mama amekwisha kuipata. Aliipata kwa mshipa, kabla ngozi haijapasuliwa.

Bakteria wanaoharibu goti bandia mara nyingi hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kwenye nyama yenye damu mwili hupambana nao. Goti bandia ni chuma na plastiki, halina damu. Bakteria wakilishika hujifunika kwa utando, na wakishajifunika dawa huwapata kwa shida sana. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe tayari ndani ya damu na nyama pale kisu kinapogusa ngozi.

Hili si jambo la jana. Mwaka 1961 daktari mpasuaji wa Marekani, John Burke, alilionyesha kwa wanyama wa maabara: dawa iliyotangulia bakteria ilikinga, iliyochelewa saa 3 haikusaidia kitu.

Leo dawa nyingi za kinga hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kupasua. Marekani hutumika sana sefazolini, kwa kawaida gramu 2 kwa mtu mzima. Uingereza kila hospitali ina mwongozo wake. Vankomaisini huanzishwa mapema zaidi kwa sababu lazima idondoke polepole. Mkanda wa kubana paja ukitumika, dawa iingie kabla haujakazwa, la sivyo haitafika gotini. Upasuaji ukipita saa 4, sefazolini hurudiwa. Mara nyingi pia simenti inayoshikilia goti huchanganywa na jentamaisini, njia iliyoanzia kwa Buchholz huko Hamburg.

Jeraha likishafungwa, kazi ya kinga imekwisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema dawa isiendelezwe kwa ajili ya kukinga tu. Hospitali nyingine humalizia dozi chache ndani ya saa 24, na daktari anaweza kuamua vingine kwa mgonjwa mwenye hatari zaidi. Lakini vidonge vya wiki nzima "kwa usalama" huweza kumletea mzee kuharisha kubaya, na huzoesha bakteria dawa.

Maambukizi huwapata takriban mtu 1 au 2 kati ya 100 waliobadilishwa goti. Ni wachache, ila anayepatwa hupata taabu kubwa: kufunguliwa tena na kuoshwa, pengine goti jipya kutolewa, dawa za wiki nyingi, kisha upasuaji mwingine wa kuweka goti la pili.

Familia ina kazi yake hapa, hasa wewe unayemtafsiria mzazi.

Kwanza, aleji. Mama akisema "penisilini hainipatani", usitafsiri "ana aleji" ukaishia hapo. Muulize ilikuwaje: alivimba midomo na kushindwa kupumua, alitoka vipele, au alitapika tu? Lini? Wengi walioandikwa kuwa na aleji ya penisilini wakipimwa hawana, na kwa sababu ya neno hilo hunyimwa dawa inayokinga vizuri zaidi. Eleza kilichotokea, daktari ataamua.

Pili, kabla ya siku yenyewe, taja kila kitu: kidonda mguuni, fangasi katikati ya vidole, mkojo unaochoma, jino bovu, sukari iliyopanda. Wazee wetu huficha wakihofia kuahirishiwa. Kuahirishwa mwezi mmoja ni afadhali. Na msimnyoe goti nyumbani. Wembe huacha michubuko ambayo bakteria huipenda.

Tatu, na hili nalisisitiza: goti likizidi kuwa jekundu, la moto au kuuma, jeraha likitoa majimaji, au homa ikipanda, piga simu kwa timu iliyompasua siku hiyo hiyo. Usifungue sanduku lililotoka Dar au Mombasa ukampa amoksilini iliyobaki. Madaktari huvuta maji ya goti kwa sindano ili maabara itambue ni bakteria gani. Vidonge vichache vinaweza kuwaficha bakteria hao bila kuwamaliza. Homa inashuka, familia inashukuru, na goti linaendelea kuharibika kimya kimya. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, akichanganyikiwa au kupumua kwa haraka, hiyo ni dharura: ita gari la wagonjwa.

Siku ya upasuaji una haki ya kuuliza kwa adabu: "Mama atapewa dawa gani ya kinga, na habari ya aleji yake imeandikwa sawasawa?" Hakuna muuguzi makini atakayekasirika. Mimi hufurahi nikiulizwa, maana najua nyumbani mama ana mtu anayefuatilia.