Mji Unaolishwa na Punda

Katika mji wa Oatman, jimboni Arizona, Marekani, wenye barabara ni punda. Mji huu umejibanza kwenye Milima ya Black, ndani ya jangwa la Mojave, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Kingman. Asubuhi punda hushuka vilimani, wakasimama mbele ya maduka, na magari hungoja mpaka wao wenyewe watake kupisha. Hawana mwenyewe. Jioni wageni wakiondoka na maduka yakifungwa, nao hurudi milimani. Wakazi ni wachache sana, na siku yao hufuata siku ya punda.

Mwaka 1915 wachimbaji wawili waligundua hapa dhahabu ya thamani ya dola milioni 10, na katika muda wa mwaka mmoja mji ukajaa watu zaidi ya 3,500. Punda ndio waliobeba mawe ya mgodini, maji na vyakula. Kisha neema ikapungua. Moto wa 1921 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, mgodi mkuu ukafungwa 1924, Vita vya Pili vya Dunia vikafungisha iliyobaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 barabara kuu ya Route 66 ikahamishiwa kwingine. Watu wakafunga mizigo, punda wakaachwa jangwani wajitafutie. Wanaoonekana leo ni vizazi vyao, na tangu 1971 sheria ya Marekani inawalinda.

Waswahili tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke. Kule Oatman, aliyepiga teke ni binadamu. Punda alitumikishwa akatupwa, kisha akarudi kuwalisha waliobaki, kwa maana ni yeye anayewaleta wageni, na wageni ndio riziki ya mji.

Wakazi wanalijua deni hilo, nao wamelijengea desturi. Mgeni huuziwa vidonge vya majani makavu, na huonywa asimpe punda mkate wala peremende. Wanapunda wachanga hubandikwa kibandiko kwenye paji la uso, kinachomwomba mgeni asiwalishe, maana huweza kukabwa na chakula. Nilimwona mmoja, manyoya bado yamemtimka, amejiegemeza ubavuni mwa mama yake na kibandiko chake usoni. Mama mtu alikusanya vidonge kiganjani mwangu kwa midomo laini, pole pole, bila kunigusa kwa jino. Mtalii aliyemnyooshea mtoto karoti alikatazwa papo hapo na mwenye duka wa upande wa pili wa barabara. Mtoto wa punda pale ana walezi mji mzima.

Desturi nyingine ni za kuuenzi uchimbaji. Kuta za hoteli ya zamani zimefunikwa noti za dola zenye majina ya watu. Wanasimulia kwamba mchimbaji akipata mshahara alibandika noti yake ukutani, ili siku akiishiwa asikose kinywaji. Mchana wanaume waliovaa kofia pana huigiza mapambano ya bastola barabarani. Tarehe 4 Julai watu hushindana kukaanga mayai kwa joto la jua.

Nilikwenda peke yangu. Sina mume, najitegemea, na siku yangu ya mapumziko naipanga mwenyewe. Kwetu pwani mwanamke msafiri huulizwa kwanza anamfuata nani, na swali hilo silibezi, kwa kuwa ndani yake mna ulinzi wa jamii. Lakini wanaosafiri kwa kundi huzungumza wao kwa wao, ilhali aliye peke yake huzungumza na mji. Mama mmoja muuza shanga alinivutia kiti kwenye baraza lake la mbao, akanionyesha punda mmoja mmoja: huyu mkorofi, yule mjane, wale mtu na dada yake. Hayo nisingeyapata kama ningekuwa na mtu wa kuniharakisha.

Hata jina la mji ni la mwanamke. Olive Oatman alitekwa akiwa msichana mwaka 1851, akaishi miaka kadhaa na Wamohave, kabila la wenyeji wa asili wa eneo hili, akachanjwa chale za rangi kidevuni kwa desturi yao, na akarudishwa 1856. Wamohave wangali wanaishi kando ya Mto Colorado, na anayeitembelea Oatman anapaswa kukumbuka kwamba nchi hii ilikuwa na mila zake kabla ya dhahabu.

Oatman ilijifunza kumheshimu punda baada ya kazi yake kwisha. Lamu, huko kwetu pwani, ambako punda bado anabeba mawe na mchanga vichochoroni, na ambako kituo cha kumtibu kipo tangu 1987, ina nafasi ya kumheshimu akiwa kazini. Tuitumie nafasi hiyo. Na mwanamke anayengoja apate wa kuongozana naye ndipo aione dunia, namwambia: aage nyumbani, aseme anakokwenda, ashike njia.