Kicheko cha Sara



Kila mmoja wetu huomba maisha marefu, lakini ni wachache waombao uzee. Mtoto akizaliwa twamtakia miaka mingi. Kijana akifunga ndoa twamwombea aone wajukuu na vitukuu. Kisha miaka hiyo inapofika, imebeba mvi, miwani na mkongojo, twashangaa kana kwamba tumeletewa mzigo wa jirani. Dominika hii tutafakari pamoja namna Mkristu anavyoweza kuzeeka akiwa na moyo mchangamfu, roho iliyo hai na uvumilivu usiovunjika. Na namna sisi tulio karibu na wazee tunavyoweza ama kuulinda uchangamfu huo ama kuuzima.

Maandiko Matakatifu hayauogopi uzee, wala hayaufichi. Mhubiri, katika sura ya 12 ya kitabu chake, anaufananisha mwili wa mzee na nyumba iliyochakaa. Walinzi wa nyumba wanatetemeka, ndiyo mikono. Wanaume wa nguvu wameinama, ndiyo miguu. Wanawake wasagao nafaka wameacha kazi kwa sababu wamebaki wachache, ndiyo meno. Wanaochungulia madirishani wameingiwa na giza, ndiyo macho. Mwenye nyumba anaamka ndege wa kwanza anapolia, kwa maana usingizi umekuwa mwepesi. Na kichwani mlozi umechanua maua yake meupe. Ndivyo wafafanuzi wengi wanavyoielewa picha hiyo. Mzee aisikilizaye hujitambua mara moja, na pengine hucheka huku akijishika kiuno. Neno la Mungu limemwona, limemtaja, wala halikumdharau.

Elimu ya mwili nayo yatufundisha jambo lilelile kwa lugha nyingine. Lenzi ya jicho hukakamaa kidogo kidogo, na baada ya miaka 40 hivi mtu huanza kulalamika kwamba wachapaji wa siku hizi wanatumia herufi ndogo. Hukisogeza kitabu mbali, kisha mbali zaidi, mpaka mkono unakuwa mfupi. Masikio nayo kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Ndiyo sababu babu husikia lori linalopita barabarani, lakini maneno ya mjukuu wake aliyeketi kando yake humfikia nusunusu. Watu wa nyumbani hunung'unika kwamba anasikia anachotaka tu! Wanamwonea. Tena kumpigia kelele hakumsaidii sana, kwa maana kelele huongeza ukubwa wa sauti bila kuongeza uwazi wa maneno. Kinachomsaidia ni kuketi mbele yake penye mwanga, auone mdomo wa msemaji, na kusema taratibu. Makatekista wanaowafundisha wazee waufuate utaratibu huo. Wataona kwamba wengi waliodhaniwa kuwa wagumu wa kuelewa walikuwa wagumu wa kusikia tu.

Kujua hayo kunatuwezesha kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kupungua kwa mwili na kupungua kwa mtu. Jicho limepungua, aonaye kwa jicho hilo hakupungua. Goti limechoka, aliyepiga magoti miaka 60 akiwaombea watoto wake yungali yeye yule. Uchangamfu wa uzeeni huzaliwa hapo, mtu anapoweza kuutazama mwili wake unaochakaa kama rafiki wa siku nyingi, na kuutania kidogo, bila kuuchukia na bila kuudai kazi usiyoiweza tena.

Tumtazame sasa mama yetu Sara. Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba Abrahamu alikuwa na miaka 100, na Sara 90, walipopata mwana. Ahadi ilipotolewa, Abrahamu alianguka kifulifuli akacheka. Baadaye Sara naye, akiwa mlangoni pa hema, alicheka moyoni mwake. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesubiri mno, mwenye uchungu na kutoamini ndani yake. Alipoulizwa sababu, aliogopa, akakana kwamba hakucheka. Mungu hakumwadhibu. Alimwambia tu kwamba amecheka, kisha akaitimiza ahadi yake. Mtoto alipozaliwa aliitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Naye Sara akakiri kwamba sasa Mungu amempa kicheko, na kila asikiaye atacheka pamoja naye.

Tazameni safari ya kicheko hicho. Kilianza kwa uchungu, kikapita katika woga, kikafikia furaha ya kushirikiana. Wazee wetu wengi wanaijua njia hiyo. Wamezika watoto, wamepoteza mashamba, wamesahauliwa na waliowasomesha. Na bado jioni, kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, ni wao wanaowachekesha wengine. Tusidhani kwamba hawakuumia. Wamekataa tu kuuachia uchungu useme neno la mwisho.

Hata hivyo si kila kicheko ni cha Mungu. Kuna mzaha wa mzee juu yake mwenyewe, ambao huwafungua wote waliopo. Kuna utani wa babu na mjukuu, ambao mila zetu nyingi zimeuhifadhi kwa busara, kwa sababu humwezesha mdogo kumkaribia mkubwa bila hofu. Lakini kuna pia dhihaka, mwenye nguvu anapomcheka asiye na nguvu. Dhihaka hiyo huanza kwa maneno mepesi kijiweni: bibi yule haonekani mchana, bibi yule macho yake mekundu. Tunajua maneno hayo yamefika wapi. Katika sehemu za kanda ya ziwa nchini Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Lakini chanzo cha macho hayo kinajulikana. Mwanamke aliyeinama miaka 50 juu ya moto wa kuni, au wa samadi kavu ya ng'ombe pale miti ilipokwisha, macho yake huumizwa na moshi. Wekundu ule aliupata akiwapikia watoto wa nyumba, pengine pamoja na yule anayemnyoshea kidole leo.

Wapendwa, hapa hatuna nafasi ya kunyamaza. Anayesikia porojo la namna hiyo akacheka pamoja na wengine, amekwisha kutia kuni motoni. Mkristu huyakata maneno yale palepale, huenda kumsalimia bibi yule mchana kweupe, na huketi naye mlangoni pake ili watu waone. Palipo na hatari, hutoa taarifa kwa viongozi wa kijiji na kwa vyombo vya usalama mapema, kabla ya usiku kuingia.

Turudi kwenye uzee wenyewe. Moyo mchangamfu una pande mbili: kujua mpaka wako, na kutoogopa kuanza jambo jipya. Kwa upande wa kwanza tunaye Barzilai, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliomletea vitanda, ngano, maharagwe, asali na kondoo. Vita vilipokwisha, Daudi alimwalika aende naye Yerusalemu ale mezani pa mfalme. Barzilai, mwenye miaka 80, alimwuliza mfalme kama ulimi wake ungali waonja ladha ya chakula, na kama masikio yake yangali yasikia waimbaji. Kwa nini basi awe mzigo kwa bwana wake? Aliomba arudi kufa mjini kwake, karibu na kaburi la wazazi wake. Na nafasi ile akaomba apewe kijana Kimhamu. Mzee huyu hakulalamika, wala hakung'ang'ania kiti. Alijua wakati wake, akautaja kwa maneno ya kuchangamsha, akamfungulia kijana mlango. Viongozi wa vigango na wa vyama vya kitume wanaweza kujifunza kwake namna ya kukabidhi daftari bila kununa.

Kwa upande wa pili tunaye mzee wa karibu nasi, Kimani Maruge wa Kenya. Serikali ya nchi hiyo ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, yeye ambaye hakuwa amesoma aliona kwamba tangazo lile lamhusu. Januari 2004 aliandikishwa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi mjini Eldoret. Hakuwa na hati ya kuzaliwa, ila aliamini ana miaka 84. Ni umri uleule anaoutaja Mwinjili Luka anaposimulia habari za nabii Ana, mjane aliyekuwa haondoki hekaluni. Maruge alivaa kaptula na soksi ndefu za shule, akaketi na watoto, na wajukuu zake wawili wakisoma shule hiyohiyo. Sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila malipo.

Njia yake haikuwa laini. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 zilimpokonya mali, zikamtupa katika kambi ya wakimbizi. Naye akaendelea kwenda shule. Baadaye alihamia Nairobi, akaingia katika makao ya wazee, akaandikishwa tena darasani. Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki huko Kariobangi, akachagua jina la Stefano. Miezi mitatu haikuisha. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Bwana akamwita. Mtu aliyeanza kusoma akiwa na miaka 84 alizaliwa kwa maji na Roho akikaribia 90. Nani basi katika parokia zetu atasema kwamba amechelewa?

Na tusiwasahau wachungaji wetu. Mtakatifu Yohane wa XXIII alichaguliwa kuwa Papa tarehe 28 Oktoba 1958, akiwa na miaka 76. Wengi walimhesabu kuwa Papa wa kupitisha muda tu. Hata miezi mitatu haijatimia, Januari 25, 1959, mzee huyu mcheshi alitangaza nia ya kuitisha Mtaguso, na tarehe 11 Oktoba 1962 akaufungua. Alifariki mwaka uliofuata kabla haujakamilika. Sisi tunaosali Misa kwa Kiswahili leo tunakula matunda ya mti uliopandwa na mzee aliyejua kwamba huenda hataketi kivulini pake.

Tufanye nini basi wiki hii? Enyi wazee, msione haya kuomba msaada, na msiache kuwatania wajukuu. Wasimulieni pia siku mlizoshindwa, ili wajue kwamba watu hushindwa na bado huishi. Ombi lenu moja la rozari mkiwa kitandani ni kazi halisi ya Kanisa. Enyi watoto na wajukuu, kutuma fedha ni vema, lakini fedha haziketi kibarazani kumsikiliza mtu. Nendeni. Hadithi ile mliyoisikia mara kumi, isikilizeni ya kumi na moja. Jungu kuu halikosi ukoko. Nanyi makatekista, andikeni majina ya wazee wote wa kigango wasioweza tena kufika kanisani, mpelekeeni Paroko ili wapate Komunyo Takatifu na Mpako wa Wagonjwa kwa wakati wake. Na mwapangie vijana wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara kuwatembelea kwa zamu.

Mungu aliyemsikia Sara akicheka nyuma ya pazia la hema asikie pia vicheko hafifu vinavyotoka katika nyumba zetu, vile vya furaha na vile vya kuficha machozi. Awape wazee wetu usingizi wa kutosha, magoti yasiyouma sana, na mtu wa kuzungumza naye jioni. Nasi, akitujalia kufika walikofika, atukute tukiwa na mvi kichwani na Isaka moyoni.

Tumsifu Yesu Kristu.