Kabla Hujalipia Fomu ya Chuo

Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwishoni mwa Januari, na ndani ya wiki hiyo hiyo nguzo za umeme kuanzia Kimara Mwisho hadi Temboni huwa zimeshabandikwa matangazo mapya. Uuguzi, famasi, maabara, kompyuta, nafasi zimebaki chache, piga namba hii. Wakati mwingine hata jina la chuo halipo. Mzazi ambaye mwanawe amepata daraja la nne hupiga ile namba akiamini amebakiwa na mlango mmoja tu, na anayepokea simu upande wa pili analijua hilo vizuri.

Nashauri wazazi na vijana wa upande huu wa Barabara ya Morogoro kuhusu udahili wa vyuo vya kati, na jambo ninalolirudia kuliko mengine yote ni hili: daraja lililoandikwa kwenye matokeo silo linaloamua. Chuo kinasoma alama za somo mojamoja. Kozi moja inaweza kumkataa mwenye daraja la tatu ikampokea mwenye daraja la nne, na ikawa imefuata utaratibu barabara.

Tuanze na hesabu yenyewe. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ndiyo sifuri inayoliza watu. Sasa mchukue kijana mwenye D nne na F tatu. Jumla yake ni 31. Mtaani wataambiana kapata "foo ya thelathini na moja", yaani kafeli, atafutiwe bodaboda. Lakini sifa ya chini ya kuingia ngazi ya nne ya tuzo za ufundi, zile zinazoandikwa kwa kifupi NTA, ni ufaulu wa D nne katika masomo yasiyo ya dini, na kijana huyu anazo. Kozi nyingi za biashara, za utunzaji wa kumbukumbu na za maendeleo ya jamii ziko wazi kwake. Mwaka wa kwanza atasoma ngazi ya nne, wa pili ya tano, wa tatu ya sita, ambayo ndiyo stashahada. Akiimaliza kwa wastani wa 3.0 na kuendelea, ana sifa ya kuomba shahada. Amechelewa mwaka mmoja tu nyuma ya mwenzake aliyepitia kidato cha tano na sita, na huyo mwenzake hana ujuzi wa kazi mkononi.

Lile neno "yasiyo ya dini" lisisomwe harakaharaka. Kuna kijana mwenye D tatu za masomo ya kawaida na C nzuri ya Maarifa ya Biblia, au ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nyumbani wanahesabu masomo manne. Anayehakiki udahili anahesabu matatu, na jina linarudi.

Kwa kozi za afya sharti ni zito zaidi. Stashahada ya utabibu, inayomtoa tabibu wa vituo vyetu vya afya, inadai D nne au zaidi zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Uuguzi na ukunga vilevile. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nguvu. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Mwenye C nne, D mbili na F moja ana pointi 25, daraja la tatu, na nyumbani wamemchinjia kuku. Lakini kama ile F ni ya Fizikia, uuguzi hauwezekani. Mwenye D sita na F moja ana pointi 29, daraja la nne, amejifungia chumbani kwa aibu; kama kati ya zile D sita kuna Kemia, Biolojia na Fizikia, ana sifa ya kuomba.

Na kwa wengi swali hili lilishajibiwa zamani. Wanafunzi wengi wa shule za kata huacha Fizikia na Kemia wanapoingia kidato cha tatu, kwa sababu masomo ni magumu, au mwalimu hakuna, au rafiki zao wameacha. Anayeacha ana miaka kumi na tano hivi, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo amefunga mlango wa uuguzi, wa utabibu na wa maabara. Mzazi anakuja kulijua hilo miaka miwili baadaye, akiwa na hela ya fomu mkononi. Kwa hiyo kama una mtoto kidato cha pili sasa hivi, mazungumzo ya chuo ni ya leo. Muulize anataka kuwa nani kabla hajachagua masomo ya kuacha.

Kuwa na sifa hakumaanishi kuchaguliwa. Vyuo vya serikali vinavyojulikana huombwa na watu wengi, na wenye alama za juu ndio hutangulia. Anayeomba aweke kwenye machaguo yake angalau chuo kimoja cha mkoani kisicho na jina kubwa. Ngazi ya tuzo ni ileile.

Sasa tuje kwenye chuo chenyewe. Vyuo hivi husimamiwa na Baraza lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambalo wengi bado wanaliita NACTE na ambalo siku hizi kifupi chake ni NACTVET. Kila mwaka Baraza hutoa mwongozo wa udahili, unapatikana bure kwenye tovuti yake, na ndani yake kila chuo kimeandikwa pamoja na kozi zake, sifa za kuingia na muda wa masomo. Chuo kilichosajiliwa kina namba inayoanza na herufi REG. Wazazi wengi wakishaiona namba hiyo ukutani hutulia. Wasitulie bado, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kozi unayoitaka ikawa haimo kwenye orodha yake iliyoidhinishwa. Unapaswa kuliona jina la chuo na jina la kozi pamoja, kwenye mwongozo wa mwaka huu, si wa mwaka juzi.

Ukilipuuza hilo, madhara yake huonekana kwa kuchelewa. Baada ya chuo kupokea wanafunzi, majina hupelekwa kwenye Baraza kuhakikiwa, na asiye na sifa au aliyesajiliwa kwenye kozi isiyotambuliwa hukataliwa huku ada ya awamu ya kwanza imeshalipwa. Kwa upande wa afya kuna ukuta mwingine mbele. Muuguzi hafanyi kazi bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, wala mfamasia bila Baraza la Famasi. Cheti cha kozi isiyotambuliwa hakimfikishi huko, hata kama kimepambwa kwa mihuri.

Kwa kozi za afya, maombi hupitia mfumo wa pamoja wa Baraza mtandaoni. Kwa kozi nyingine unaomba moja kwa moja chuoni. Dirisha kuu ni la kuanza masomo Septemba, na baadhi ya kozi zina dirisha la Machi. Kando ya hayo kuna uchaguzi wa TAMISEMI, unaowapangia wanafunzi kidato cha tano na baadhi ya vyuo vya serikali kufuatana na fomu ya machaguo waliyoijaza. Baada ya matokeo kutoka, huwa wanapewa nafasi ya kurekebisha machaguo hayo. Wengi hawaitumii, na ni bure.

Nisiipite haraka sehemu ya kujaza fomu, maana hapa Kimara fomu nyingi hujazwa steshenari. Kijana anakwenda na namba yake ya mtihani kwenye karatasi, anamkabidhi mhudumu, analipia huduma na kuondoka na risiti. Mhudumu ana foleni, hivyo anatumia barua pepe yake mwenyewe, namba ya simu ya dukani na paswedi anayoijua yeye. Machaguo anayaweka kwa kukisia. Majibu yanapotoka, ujumbe unaingia kwenye simu ya dukani, na kijana anakuja kujua alichaguliwa wakati muda wa kuthibitisha umeshapita. Sababu ya kumwachia mhudumu kila kitu mara nyingi ni laini ya simu. Aliyemaliza kidato cha nne mara nyingi hajafika miaka 18, hana kitambulisho cha taifa, na laini yake imesajiliwa kwa jina la mama au la kaka. Hiyo haina shida. Tumia laini ya mama, mradi mama anajua kwamba ujumbe utakuja na asibadilishe namba. Kwenye steshenari, kijana akae mwenyewe mbele ya kompyuta, au akae pembeni ya mhudumu hadi mwisho, aandike paswedi kwenye daftari, aondoke na nakala ya fomu iliyokamilika.

Malipo halali ya taasisi ya serikali hupitia namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, ile tunayoiita kontrolo namba. Mtu akikwambia utume hela kwenye namba yake binafsi "ili akuwekee nafasi", usitume. Mfumo wa udahili hauna sehemu ya kuwekewa nafasi na mtu.

Halafu majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Hamisi Saidi, matokeo yanasema Mwajuma H. Said, na kadi ya kliniki ina jina la babu. Nyumbani ni kitu kidogo. Kwa ofisi ya udahili ni watu watatu tofauti. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, na anayetarajia kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo atahitaji kihakikiwe huko kwanza. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inawakopesha hata wanafunzi wa stashahada, kwa fani zilizopewa kipaumbele kama afya na ualimu wa sayansi. Tofauti za majina zirekebishwe au ziapiwe kwa mwanasheria kabla dirisha halijafunguliwa, kwa sababu wiki ya mwisho kila ofisi ina foleni.

Nimebakiza wale ambao hawana hata D nne. Hawa ndio wanaotapeliwa zaidi, kwa kuwa wameambiwa hawana pa kwenda, na hilo si kweli. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina chuo cha mkoa Chang'ombe, wilayani Temeke, na haimpimi mwombaji kwa daraja la kidato cha nne. Ada yake kwa kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ilinganishe na tangazo la kwenye nguzo. Fomu zake hutoka kabla ya mwisho wa mwaka na masomo huanza Januari, kwa hiyo anayesubiri mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke anakuwa amelikosa dirisha la mwaka huo.

Na kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo watu wa Kimara hupita jirani navyo kila wanaposafiri bila kuvijua. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Nordiki ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Denmark mwaka 1844. Vya serikali ni 54. Havidai ufaulu wa kidato cha nne. Hata aliyeishia darasa la saba anapokelewa. Ushonaji, useremala, umeme wa majumbani, ufundi magari, kilimo na mifugo, upishi: mengi ya mafunzo haya yanaishia kwenye mitihani ileile wanayofanya wanafunzi wa VETA. Kipo kimoja Kisarawe, na kingine Kibaha, ndani ya Shirika la Elimu Kibaha lililoanza mwaka 1963 kwa mradi wa nchi hizo hizo za Nordiki. Ukipanda gari la Kibaha pale Mbezi, unashuka Maili Moja na kuulizia. Nenda siku ya kazi, uingie karakana uone wanafunzi wanashika nini mikononi, kisha ndipo uende kwa mhasibu.

Vyuo hivi vina jambo moja ambalo sijaliona kwingine kwa kiwango hicho. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na vyuo hivyo kwa kushirikiana na shirika la Karibu Tanzania, msichana aliyekatiza shule kwa ujauzito husoma sekondari na ufundi kwa pamoja, na mtoto wake analelewa palepale chuoni wakati mama yuko darasani. Novemba 2021 serikali iliruhusu pia wasichana hao kurudi kwenye shule za kawaida, lakini wengi wanashindwa kwa kuwa hakuna wa kubaki na mtoto. Kama una binti wa namna hiyo nyumbani, au unamjua jirani, usingoje matokeo ya mtu yeyote. Mpeleke yeye na mtoto wake Kibaha, waulizie nafasi.