Shavu la Mtoto Likivimba Upesi

Ndugu msomaji, uangalie sana uso wa mtoto wako. Mara nyingi shavu huvimba kwa sababu ya jino bovu. Lakini uko ugonjwa mwingine, nao ni mkali: kansa iitwayo limfoma ya Burkitt. Huwapata hasa watoto wa miaka 4 hata 8. Ikianza katika taya la juu, huingia katika tundu za mifupa zilizo kando ya pua. Ndipo pua huziba, meno hulegea, na jicho husukumwa nje.

Jina hilo latoka kwa daktari Denis Burkitt. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, kuume na kushoto. Mwaka 1961 yeye na Edward Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva, pamoja na Clifford Nelson, walisafiri kwa motokari kilometa 16,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huu uko katika nchi za joto na mvua, bali katika milima ya baridi ni haba. Leo twajua kwamba kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huifungulia njia kansa hii.

Basi sisi wa Kasongo na Kabambare tuwe macho, maana kwetu joto ni jingi na malaria ni nyingi. Mtoto alale ndani ya chandarua. Tena ujue kwamba kansa hii si uchawi, wala haiambukizi kwa kula pamoja.

Utaitambuaje? Jipu la jino huuma, hutoa usaha, nalo hupungua kwa dawa. Kansa hii pengine haiumi sana mwanzoni, lakini uvimbe huweza kuwa maradufu kwa siku chache tu, na meno kadhaa hulegea pamoja. Pengine tumbo nalo huvimba, au miguu hukosa nguvu.

Usichanje uvimbe, usiufunge majani, usingoje mwezi upite. Nenda kituo cha afya, uombe kupelekwa hospitali kuu. Daktari atatoa kipande kidogo cha uvimbe ili kitazamwe kwa darubini. Usiogope, bila kazi hiyo ugonjwa haujulikani hakika. Atapima pia tumbo, damu, na maji ya uti wa mgongo.

Kansa hii haiponywi kwa kisu, bali kwa dawa. Iliyo kubwa ni siklofosfamidi, ambayo hutiwa katika mshipa. Mtoto hupewa maji mengi ili mafigo yake yasidhurike. Mara nyingi uvimbe hupungua kwa siku chache. Hapo ndipo penye hatari! Wazazi husema, “Amepona,” nao hurudi nyumbani. Lakini mbegu za kansa zingali mwilini, na zikiota tena ni vigumu kuzishinda. Watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dawa zote hupona.

Ndugu washarika, mara nyingi mama huondoka hospitali kwa sababu shamba lamngoja, watoto wengine wana njaa, na fedha ya njia imekwisha. Mchangieni nauli. Limeni shamba lake. Walisheni watoto wake. Hivyo atakaa na mgonjwa wake mpaka sindano ya mwisho.