"Mwanetu Yuko Stima": Nani Hasa Amemwajiri?

Majuma machache yaliyopita tulialikwa katika posa nyumbani kwa jamaa zetu Mwakirunge, upande ambao malori ya taka hupita mchana kutwa yakielekea jaani. Wazee wa upande wa mwanamume walikaribishwa kwa kahawa na haluwa, salamu zikafuata salamu, kisha ami yake kijana akatamka neno ambalo mzazi yeyote wa pwani hupenda kulisikia: "Mwanetu, alhamdulillah, yuko Stima." Nyuso zikakunjuka. Kina mama waliokaa chumba cha ndani wakaanza kunong'onezana. Lakini shangazi yake binti, mama aliyestaafu kazi ya ukarani na asiyependa maneno nusu, akamtuma nduguye aulize: "Yuko Stima, au yuko kwa mkandarasi wa Stima?"

Ami akakohoa, akaomba kahawa nyingine.

Swali lile tumekuwa nalo tangu siku hiyo. Katika nyumba zetu, tukisema kijana amepata kazi "Stima" au "Maji", huwa tumemaliza. Hatuulizi ni kampuni ipi, wala ni nani aliyetia sahihi mkataba wake, ilhali baina ya majibu ya maswali hayo mawili kuna tofauti kubwa kuliko tofauti ya mshahara.

Tuanze na Kenya Power, maana ndiyo kongwe, na kwa asili ni yetu. Historia ambayo kampuni yenyewe huisimulia yaanzia Unguja, kwa jenereta ya Sayyid Barghash iliyomulika kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliipata jenereta ile, na mji wetu ukawa na kampuni ya umeme. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliunganishwa na ya Nairobi ikawa East African Power and Lighting, na jina la Kenya likaingia mwaka 1983. Hii ndiyo kampuni inayotuuzia umeme, inayosimamisha nguzo na kutuma mafundi transfoma inapolipuka usiku wa manane. Kwa hiyo ndiyo yenye mikono mingi na kazi za aina nyingi: mafundi wa laini, makarani, madereva, wahandisi, wahasibu. Kwa kijana mwenye cheti cha ufundi, mlango wake ndio mpana zaidi.

KenGen ni nyingine kabisa, ingawa watu wengi huzichanganya. Tangu shughuli zilipotenganishwa mwaka 1997, KenGen ndiyo izalishayo na Kenya Power ndiyo isambazayo. Inahitaji watu wachache zaidi, na aghlabu wenye elimu ya juu ya mitambo. Tena mzazi ajue jambo moja mapema: hapa Mombasa KenGen ina mitambo ya Kipevu inayotumia mafuta, lakini uti wa mgongo wake uko mbali nasi, katika mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha na katika mabwawa ya mto Tana kama Masinga na Kiambere. Kijana akiajiriwa huko, mke na watoto wataishi wapi? Atawaona kila mwezi au kila Idi? Twawajua wake wa Kisauni waliozoea maisha hayo wakayamudu vyema, na twawajua ambao ndoa zao hazikuhimili. Ni afadhali suala hilo lizungumzwe kwenye posa kuliko baada ya mtoto wa pili.

Ziko pia kampuni za binafsi zinazozalisha umeme na kuuzia Kenya Power, na hizi zina hesabu yake. Tsavo Power ilianza kuzalisha Kipevu mwaka 2001 kwa mkataba wa miaka 20. Mwaka 2021 mkataba ukafikia ukomo. Rabai Power, iliyo kando yetu tu upande wa Kilifi, ilianza mwaka 2009 kwa mitambo ya megawati 90. Mwenye kazi katika kampuni ya namna hii huweza kulipwa vizuri na kufunzwa vizuri, lakini umri wa kazi yake umefungwa na umri wa mkataba wa mwajiri wake. Si kasoro, ni jambo la kuliweka katika hesabu kabla ya kukopa kujenga nyumba.

Wazee wa Changamwe hawahitaji kuelezwa haya. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 kililea familia za mtaa ule kwa miaka 50. Vijana waliingia wakiwa wanagenzi wakatoka wakiwa babu. Mwaka 2013 usafishaji ukasimama, na maghala yake hatimaye yakaingia mikononi mwa Kenya Pipeline. Kampuni hiyo ya bomba, ambayo tangu 1978 husukuma mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, ina sifa ya kuwatunza wafanyakazi wake. Ila bomba halihitaji watu wengi. Nafasi zake ni chache na wanaozigombea wanatoka nchi nzima.

Imebaki kampuni ya maji ya Mombasa, mali ya kaunti. Sifa yake kubwa kwa mama wa nyumbani ni kwamba haimpeleki mtu mbali: msoma mita au fundi wa bomba ataswali Magharibi na wanawe. Unyonge wake uko katika maji yenyewe. Mji wetu hutegemea chemchemi ya Mzima, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi, na maji yanayofika hayatoshi. Yanayovuja njiani au kuibwa hayaleti bili, na pasipo bili pato la kampuni hupungua. Mwenye kuajiriwa huko afahamu kwamba amefungamana na afya ya mabomba.

Hata hivyo, ukiuliza nyumba kwa nyumba huku Mwakirunge, utakuta wengi wa vijana "walioko Stima" au "walioko Maji" hawako katika kampuni yoyote kati ya hizo. Wako kwa wakandarasi. Miradi mikubwa ya kuunganishia watu umeme, ule wa mita za mwisho ulioanza mwaka 2015 ukiwemo, ilitekelezwa kwa sehemu kubwa kupitia kampuni za nje zilizopewa zabuni. Kijana huchimba mashimo, hubeba nguzo na kuvuta nyaya, akiwa amevaa shati lenye nembo ya mwenye mradi, nasi tukaisoma nembo tukaridhika.

Jirani yetu mmoja ana mwana aliyefanya kazi ya namna hiyo karibu miaka miwili. Alilipwa kwa simu, wakati mwingine kwa wiki, wakati mwingine hadi mkandarasi naye alipwe. Siku moja ngazi ilimteleza, akavunjika mguu wa kulia mahali pawili. Wenzake walimfikisha hospitalini, na karani alipouliza mwajiri ni nani, kila mmoja alitaja jina lake. Msimamizi alipopigiwa simu alisema jina la kijana halimo kwenye vitabu. Mamake aliuza bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi yake. Hatutaji mkandarasi huyo, wala hatusemi wote wako hivyo. Wapo waadilifu wenye kulipa bima na kutoa mshipi wa usalama hata kwa kibarua wa siku moja. Lakini ni nani kati yetu aliyemwuliza kijana yule, kabla hajapanda, kama ana karatasi?

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotazamiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama anaitwa kibarua. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mkataba wa maandishi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, yamlazimu kila mwajiri kuwawekea bima wafanyakazi wake, na vifaa vya kujikinga hutolewa na mwajiri bila ya kumkata mtu mshahara. Tatizo ni ushahidi. Kwa hiyo twawaomba kina mama, ambao aghlabu ndio wahifadhi wa nyaraka za nyumba: jumbe za malipo zisifutwe, jina la mkandarasi na la msimamizi liandikwe kwenye daftari, na picha ya kijana akiwa kazini iwekwe mahali. Kijana wa jirani yetu alifuta jumbe zake ili simu ipate nafasi ya video.

Na mabinti? Wako wengi kuliko tunavyodhani wanaosomea umeme na mitambo Tudor, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Tusisahau chuo hicho kilizaliwa kikiwa taasisi ya elimu ya Kiislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati ule, ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Binti anayeingia karakana ile yuko mahali pake.

Kwake, jina la mwenye kutia sahihi lina uzito zaidi. Mwajiriwa wa kampuni akijifungua ana miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili kwa mujibu wa sheria, na idara ya kumwendea akinyimwa. Kibarua wa mkandarasi mwenye haki hiyohiyo aghlabu huambiwa tu kwamba kazi imekwisha. Katiba, ibara ya 32, yakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Kofia ngumu huvaliwa juu ya mtandio uliofungwa vizuri na kuingizwa ndani ya koti, kwa kuwa ncha inayoning'inia karibu na mashine ni hatari kwa yeyote. Suruali pana na koti refu la kazi humsitiri binti na kumlinda. Swala ya Ijumaa, zamu za usiku na saumu ya Ramadhani juani ni mambo ya kuzungumza na msimamizi mapema. Palipo na chama cha wafanyakazi, kama KETAWU katika kampuni za umeme, mazungumzo hayo huwa na mtu wa kuyasimamia. Kwa mkandarasi, kila mtu hujisemea mwenyewe.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni mikopo. Kazi ya kudumu huja na milango ya akiba na mikopo, na wafanyakazi wa umeme wana chama chao, Stima, tangu 1974. Kuna familia zilizojenga kwa njia hiyo, na kuna wanaojizuia kwa kuhofia riba. Swali hilo twaliacha kwa masheikh; sisi twashauri tu kwamba mwenye kuanza kazi alifikishe kwao mapema, kabla makato hayajaanza kuonekana kwenye karatasi ya mshahara.

Mwishowe, kuna kazi ya huduma iliyo karibu nasi kuliko zote, na hakuna anayeitaja kwenye posa. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa, taka za Mombasa huletwa Mwakirunge, na kina mama wa hapa huamka alfajiri kuokota plastiki na vyuma wakawauzie madalali kwa kilo. Wanaupunguzia mji mzigo wake, na hawana mkataba, glavu wala bima. Mmoja alituambia, bila ya uchungu, kwamba mwanawe "yuko Stima" na kwamba yeye hulipwa kwa uhakika zaidi kuliko mwanawe, kwani dalali wake hulipa papo hapo.

Kule kwenye posa, ami alipomaliza kahawa ya pili alikiri: kijana yuko kwa mkandarasi, na mkataba wake ni wa miezi sita. Shangazi hakukataa. Aliomba auone. Juzi kijana aliuleta mwenyewe, umekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Shangazi akavaa miwani, akausoma ukurasa kwa ukurasa kwenye kibaraza, akauliza pale palipoandikwa bima na akaonyeshwa. Kisha akamwambia, "Mwanangu, fanya nakala mbili. Moja mpe mamako, ya pili tuachie sisi."

Nikaha imepangwa baada ya Idi, inshaAllah.