Mizani na Mtaji wa Mtengeneza Sabuni

Mtu aanzaye biashara ya kutengeneza sabuni hufikiria kwanza sufuria, kalibu na mahali pa kuuzia. Ni nadra kumsikia akiulizia mizani. Hata hivyo, ndugu msomaji, mizani ndiyo chombo cha kwanza cha kiwanda hiki kidogo, na siku za kusubiri ndizo gharama isiyoonekana. Yote mawili yatokana na kemia.

Tuchukue mafuta ya nazi, yapatikanayo kwa wingi katika mwambao wetu. Yakikutana na kostiki soda iliyoyeyushwa majini, hugeuka kuwa sabuni na gliserini. Gramu 1,000 za mafuta hayo huhitaji gramu 183 hivi za soda. Mtengenezaji mwangalifu hupunguza asilimia 5, akatia gramu 174, ili soda yote iishe na mafuta kidogo yasalie. Mafuta ya mawese huhitaji gramu 141 hivi tu. Kwa hiyo, yeye abadiliye mafuta kwa sababu ya bei pasipo kubadili kipimo huuza sabuni ya kubabua mikono, na mteja aliyebabuka hanyamazi.

Soda humiminwa katika maji. Kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, maana huchemka ghafula na kuruka. Aidha, soda huila alumini, na sufuria zetu nyingi, kwa bahati mbaya, ni za alumini.

Sabuni isiyopikwa kwa moto hukaa rafuni wiki 4 hivi ili ikauke na kuwa ngumu. Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme mtu atengeneza mkupuo mmoja kila wiki. Siku auzapo kipande cha kwanza, amekwisha kununua mafuta na soda ya mikupuo 4, na wa 5 unamngoja. Fedha zote hizo zimelala rafuni, ilhali nyumbani watu wanakula kila siku. Aliyeanza na fedha za mkupuo mmoja hana budi kuuza sabuni mbichi, ambayo huyeyuka upesi, au kusimamisha kazi, na wateja wake wa kwanza wakirudi wakute rafu tupu. Tena sabuni ikaukapo hupungua uzito. Bei ipangwe kwa uzito wa siku ya kuuza, si wa siku ya kukata.

Nchini Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, hufundisha kazi hii. Ubora wa sabuni husimamiwa na Shirika la Viwango, ambalo sheria yake ni ya mwaka 2009. Mkaguzi hupenda kuona daftari: tarehe ya kila mkupuo, aina ya mafuta, gramu za soda, na siku sabuni ilipotoka rafuni. Daftari hilo hilo humwonyesha mwenye kiwanda ni fedha kiasi gani bado zinakauka.